Frere Town ya Kisauni: Chimbuko la Mji wa Mateka na Nafasi Yake katika Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Atokaye kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali na kushika njia ya Kisauni hukuta, baada ya mwendo mfupi, njia panda iitwayo Kengeleni. Jina lenyewe halihitaji mkalimani: hapo pana mnara mdogo wa kengele uliojengwa na wamishenari katika karne ya kumi na tisa. Mtaa unaozunguka mnara huo huitwa Frere Town. Wapo wanaodhani kwamba jina hili limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya huru, na wapo wanaouchanganya mji huu na Freetown ya Sierra Leone. Dhana hizo si za kuchekwa, kwa kuwa wakazi wa kwanza wa mji huu walikuwa kweli watumwa waliohuruishwa, na waliouanzisha walikuwa na mfano wa Sierra Leone mbele ya macho yao. Hata hivyo, jina ni la mtu, Sir Bartle Frere, ambaye tutamrejea punde.

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuisoma historia ya lugha hii kwa kupitia miji mikongwe: Lamu, Pate, Mvita, Unguja, Kilwa. Miji hiyo ina tendi, ina hati, ina washairi wanaojulikana kwa majina na kwa ukoo. Mji mdogo wa ng'ambo, uliozaliwa mwaka 1875 na kukaliwa na watu walioshushwa majahazini bila ya chochote, hauna hayo. Makala haya yananuia kueleza namna mji huo ulivyoanza na kuonyesha kwamba, licha ya udogo wake, ni vigumu kuyaelewa barabara baadhi ya maneno tunayoyatumia kila siku, na baadhi ya hoja zetu kuhusu usanifishaji, bila ya kuvuka hori na kuutazama.

Pwani ya Kisauni kabla ya 1875

Eneo la bara linalokabili Bandari ya Kale ya Mombasa halikuwa pori tupu kabla ya wageni kufika. Jina la Kongowea, ambalo leo wengi hulifahamu kwa soko lake kubwa, limo katika masimulizi ya kale ya Mvita yanayohusu wakati wa Mwana Mkisi. Waungwana wa kisiwani walikuwa na mashamba Kisauni, na waliolima humo walikuwa watumwa wao. Jambo hili ni muhimu tulikumbuke, kwani maana yake ni kwamba mji wa watu huru ulikuja kupandwa katikati ya mashamba ya watumwa, mbele ya macho ya wenye mashamba.

Mmishenari wa kwanza wa Shirika la Kimishenari la Kanisa la Uingereza, lijulikanalo kwa ufupi kama CMS, alikuwa Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baada ya kuwasili, mkewe Rosine alifariki pamoja na mtoto wao mchanga, wakazikwa upande huu wa bara, karibu na ufuo wa Mkomani. Kaburi hilo lilitangulia mji kwa miaka thelathini na moja. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, na ni huko ambako kazi kubwa ya awali ya kuorodhesha msamiati wa Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilifanyika. Kamusi ya Krapf ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann alikaa Rabai takriban miaka thelathini, akapofuka, akarudi kwao mwaka 1875. Waumini aliowaacha walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Kwa ufupi, lau mambo yangeendelea hivyo, misheni ya Mombasa ingebaki kuwa habari ya kamusi na makaburi. Kilichoibadili ni biashara ya watumwa, au hasa juhudi za kuikomesha.

Mkataba, manowari na kiwanja

Mnamo mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, kwenda kumshawishi Sultani Barghash wa Zanzibar akubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Barghash alikataa. Frere aliondoka mikono mitupu, lakini shinikizo la manowari halikuondoka naye, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini mbele ya balozi John Kirk. Soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Ni lazima tuwe waangalifu hapa, kwa kuwa wengi hukosea. Mkataba wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Haukukataza kumiliki mtumwa. Mtu aliyenaswa na manowari akiwa ndani ya jahazi alihesabiwa kuwa huru, ilhali ndugu yake aliyelima mnazi wa bwana wake Kisauni alibaki kuwa mali halali mbele ya sheria. Hali hiyo ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, basi, uhuru na utumwa viliishi jirani, na mpaka baina yao ulikuwa ni swali la mtu alikamatwa wapi: majini au nchi kavu.

Manowari za Uingereza zilizowakamata wafanyabiashara zilijikuta na watu wasiokuwa na pa kwenda. Kuwarudisha makwao, nyuma ya ziwa Nyasa au kwenye nchi za Wayao na Wamakua, kulikuwa sawa na kuwarudisha mikononi mwa watekaji. Kwa miaka mingi baadhi yao walikuwa wakipelekwa India, na wengine walilelewa katika makazi ya Sharanpur, karibu na Nasik, kaskazini mashariki mwa Bombay. Frere alipendekeza yaanzishwe makazi ya namna hiyo katika pwani ya Afrika yenyewe. CMS iliitikia. Kasisi William Salter Price, ambaye ndiye aliyekuwa akiyasimamia makazi ya Nasik, alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, na mwaka uliofuata akanunua ardhi ng'ambo ya hori, mkabala wa mji mkongwe. Mji ukapewa jina la Frere. Kabla ya mwaka huo wa 1875 kwisha, watumwa walionaswa na manowari walikuwa wameanza kushushwa ufuoni.

Uteuzi wa mahali haukuwa wa kubahatisha. Hori lilikuwa na kina cha kutosha, na vyombo vilivyokuwa vikiingia Bandari ya Kale kutoka Lamu, Maskati na Kachi vilipita mbele ya ufuo. Aidha, hewa ya baharini ilidhaniwa kuwa nzuri kwa Wazungu kuliko ile ya Rabai. Lakini faida hiyo hiyo ilikuwa hatari, kwani mwenye mtumwa aliyesimama barazani kwake kisiwani aliweza kuiona Frere Town, na mtumwa wake pia aliweza kuiona. Maji yaliyowatenganisha yanavukika kwa mtumbwi kwa muda mfupi mno.

Wanasik na mateka

Ni kosa kuwachukulia wakazi wa mwanzo kuwa kundi moja. Walikuwa angalau makundi mawili, na uhusiano baina yao haukuwa shwari.

Kundi la kwanza ni wale waliotoka India, ambao katika vitabu huitwa Waafrika wa Bombay au Wanasik. Hawa walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa Kiingereza, Ukristo na kazi za mikono. Watatu kati yao, George David, William Jones na Ishmael Semler, walikwisha kufika Mombasa tangu mwaka 1864 kumsaidia Rebmann. Wengine walifuata pamoja na Price au baada yake. Miongoni mwa watu waliohusiana na Frere Town walikuwamo baadhi ya wale waliosafiri na maiti ya David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Jacob Wainwright alifika na maiti hiyo hadi London na kuhudhuria mazishi katika kanisa la Westminster mwezi Aprili 1874. Matthew Wellington, aliyeitwa Chengwimbe kabla ya ubatizo, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935.

Kundi la pili ni mateka. Hilo ndilo jina walilopewa waliotolewa majahazini, na wao wenyewe wakalipokea. Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazigua, na wengine wa makabila mengi ya bara, hawakuwa na lugha moja, wala ukoo, wala mizimu ya pamoja. Baadhi walikuwa watoto wadogo waliokwisha kuyasahau majina ya wazazi wao. Walipewa viwanja, majembe, nguo na, baada ya mafunzo, majina ya ubatizo. Siku yao iligawanywa na kengele: ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya shule. Kengele hiyo hiyo, kwa masimulizi yanayohifadhiwa mtaani, ilitumika pia kuwaonya watu kwamba watekaji wameonekana.

Wanasik walijua Kiingereza, walivaa suti, na walitazamia kutendewa kama wafanyakazi wa misheni. Walilalamikia mishahara yao na dharau za Wazungu waliokuja baada ya Price. Kwa upande wao, waliwatazama mateka kama watu wa kufundishwa na kuongozwa. Wamishenari nao wakawatazama Wanasik kama watu waliojikweza. Wanahistoria kama Arnold Temu na Robert Strayer wameieleza migogoro hiyo kwa mapana. Kinachotuhusu sisi ni kwamba katika mji wa namna hii, lugha pekee iliyoweza kuwaunganisha Mnasik, Myao, Mmakua na Mzungu ni Kiswahili, ingawa kwa karibu wote hao hakikuwa lugha ya mama.

Wala tusiupambe mji huu. Msimamizi J. R. Streeter, ambaye hakuwa kasisi, aliendesha mambo kwa viboko na kifungo hadi kashfa ikafika kwa maofisa wa balozi na London, na mwaka 1881 uchunguzi ukafanywa. Streeter aliondolewa na Price akarudishwa. Watu waliookolewa na kiboko cha nahodha walikutana na kiboko kingine chini ya kivuli cha kanisa. Wapo waliotoroka kutoka Frere Town, mji wa watu huru, na hilo pekee latosha kutufanya tulipime vyema neno huru katika habari hii.

Maneno ya hadhi

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama kidogo. Pwani ya karne ya kumi na tisa ilikuwa na msamiati mpana wa kumpanga mtu katika daraja lake, na Frere Town iliwakusanya pamoja watu wa karibu kila neno katika msamiati huo.

Mtumwa, kwa asili, ni yule anayetumwa. Neno lenyewe halitaji mnyororo wala soko. Lataja amri tu. Mjinga, ambalo leo ni tusi la uwanjani na darasani, lilikuwa jina la mtumwa mgeni, aliyewasili karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Ujinga wake ulikuwa wa kutojua Kiswahili na adabu za mjini, si upungufu wa akili. Mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake, na hadhi yake ilimpita mjinga kwa mbali, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kinywani mwake tangu utotoni. Mtoro ni aliyetoroka. Mateka, kutokana na kitenzi teka, ni kilichotekwa vitani, na humhusu mtu kama linavyohusu ng'ombe. Na juu ya wote hao alisimama mwungwana, mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo, nyumba na jina.

Angalia basi ajabu ya mateka wa Frere Town. Walikuwa huru kwa sheria, lakini jina lao bado lilisimulia kutekwa kwao. Na swali halikwepeki: ni nani aliyewateka mara ya mwisho? Kwa mantiki ya neno, ni manowari. Jahazi liliwateka kutoka kwao, na Mwingereza akawateka kutoka kwa jahazi. Sidhani kwamba waliolitumia neno hilo hawakuitambua kejeli yake. Kwa watu wa kisiwani lilikuwapo neno jingine la kuwaita wakazi wa ng'ambo, Wamisheni, na neno hilo halikuwa la heshima. Lilimaanisha watu wasio na ukoo, waliokula kwa Mzungu, waliobadili dini.

Neno uungwana ndilo lililosafiri mbali zaidi. Kutoka kuwa hadhi ya kuzaliwa, ambayo mtumwa hangeweza kuipata hata angalikuwa na tabia njema kiasi gani, limekuwa sifa ya mwenendo ambayo kila mtu aweza kuwa nayo au kuikosa. Wakenya wa rika nyingi walilisikia neno hilo redioni katika kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanza mwaka 1966 na kudumu kwa miongo mingi, kikiwauliza wasikilizaji iwapo mienendo yao ya kila siku ilistahili jina hilo. Mbotela, aliyefariki mwezi Februari 2025, alizaliwa mwaka 1940 katika jamii ya Frere Town, wa ukoo wa Wayao waliookolewa majahazini. Kwa mizani ya mwaka 1875, mzawa wa mateka hakuwa na haki ya kumuuliza mtu yeyote wa pwani swali hilo. Kwamba taifa zima lilimsikiliza, na pengine hakuna aliyeona kioja, ni ushahidi wa maana ya neno kugeuka kabisa katika muda usiozidi vizazi vitatu au vinne.

Uhuru wa karatasi

Tatizo kubwa la miaka ya 1880 lilikuwa watoro. Watumwa wa kisiwani na wa mashamba ya pwani waliona kwamba kuna watu kama wao wanaoishi bila bwana, wakaanza kukimbilia misheni. Kwa sheria iliyokuwapo, kumpokea mtoro kulikuwa sawa na kupokea mali ya wizi. Mwaka 1880 hasira za wenye watumwa wa Mombasa zilipanda kiasi kwamba Frere Town ilijiandaa kwa shambulio. Wamishenari waliahidi mara kadhaa kutowapokea watoro, lakini ahadi hizo zilikuwa ngumu kutekelezwa. Wengi walikwenda Fuladoyo, makazi ya watoro katika nchi ya Wagiriama, na wengi zaidi Rabai, ambako William Jones, mtu aliyewahi kuwa mtumwa yeye mwenyewe, alikuwa kiongozi. Haikuwa kazi rahisi kumwomba mtu huyo awafukuze.

Jones ni mtu anayestahili makala yake mwenyewe. Askofu James Hannington, aliyefika Frere Town mwezi Januari 1885, alimpa yeye na Semler ushemasi mwaka huo huo, wakawa Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika nchi ambayo leo ni Kenya. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na Hannington katika safari ya kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyewarejesha pwani watu waliosalia.

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyopewa mamlaka ya pwani, Imperial British East Africa Company, ilimtuma George Mackenzie Mombasa. Alikuta wenye watumwa wako tayari kwa vita, na misheni zimejaa watoro. Baada ya mashauriano, ambayo Price alirudi kwa mara ya tatu kuyashiriki, iliamuliwa kwamba wenye watumwa walipwe fidia na watoro wapewe hati. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, hati za uhuru zilianza kugawiwa. Waliokombolewa kwa mpango huo, katika Rabai na vituo vingine vya misheni, walikuwa zaidi ya 1,400.

Mtu akiyafikiria maneno yetu ya siasa, hana budi kulikumbuka tukio hilo. Neno uhuru, ambalo mwaka 1963 lilipigiwa vigelegele nchi nzima, kwa watu hao lilikuwa karatasi iliyotiwa saini, ya kufungwa kitambaani na kuonyeshwa kwa mwenye kuuliza. Halikuwa hali ya taifa. Lilikuwa mali ya mtu mmoja mmoja, na lilikuwa na bei iliyolipwa kwa bwana wake. Aliyefanya kazi miaka yote bila ujira hakulipwa kitu.

Kimvita ng'ambo ya hori

Swali ambalo msomaji wa jarida hili atakuwa analisubiri ni hili: walizungumza Kiswahili gani?

Walio wengi walifika na Kiswahili cha njiani, kile kinachookotwa katika misafara na majahazini. Lakini walishushwa mkabala wa Mvita, na wamishenari waliowafundisha walikuwa wafuasi wa mapokeo ya Krapf, yaliyoegemea lahaja ya Mombasa. Kule Unguja, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, kwa Kiunguja, naye pia aliwafundisha watumwa waliohuruishwa, waliowekwa Mbweni na kwingineko. Kwa hiyo ushindani wa Kimvita na Kiunguja, ambao kwa kawaida tunausimulia kama ushindani wa miji miwili ya waungwana, kwa kiasi kikubwa ulikuwa ushindani wa misheni mbili zilizokuwa zikiwafundisha kusoma watu wa aina moja: Wayao na Wanyasa walionusurika baharini.

Mtetezi mkubwa wa Kimvita alikuwa William Ernest Taylor, mmishenari wa CMS aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880. Taylor alikuwa na sikio jema. Alisisitiza kwamba Kimvita kina sauti mbili za t, moja ya meno na moja ya ufizi, na kwamba herufi zetu za Kirumi zinapoziunganisha zinapoteza tofauti ya maana. Mwaka 1891 alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Waswahili. Kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alikusanya tungo za Muyaka bin Haji, na bila ya jitihada za wawili hao huenda leo tusingekuwa na sehemu kubwa ya Muyaka. Lakini tazama alikokwenda Taylor kutafuta lugha: alivuka hori kwenda kwa Mwalimu Sikujua. Kiswahili cha majirani zake mateka hakikumvutia. Kwake, na kwa wataalamu wengi waliomfuata, lugha safi ilikuwa ya waungwana, na Wamisheni walikuwa watu wa kufundishiwa lugha, si watu wa kuchunguzwa lugha yao. Matokeo yake ni kwamba tuna methali na mashairi ya kisiwani kwa mamia, na kuhusu usemi wa Frere Town katika miaka ya 1880 tuna vijibarua vya wamishenari tu.

Hata hivyo mji huo ulikuwa na maandishi. Biblia nzima kwa Kimvita ilitoka mwaka 1914, na katika makanisa ya CMS pwani watu walisoma mato badala ya macho, nti badala ya nchi, ndia badala ya njia. Kwa wazawa wa mateka, Kimvita hakikuwa tena lugha ya kuazima. Kilikuwa lugha ya sala, ya shule na ya nyumbani. Kisha ukaja mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliopitisha kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. CMS ilipinga, na hoja zake zimenukuliwa mara nyingi kama ukaidi wa wamishenari waliokwisha kugharimia uchapaji. Gharama ilikuwapo, hilo halina shaka. Lakini walikuwapo pia watu ambao kwa mara ya pili katika vizazi vitatu waliambiwa kwamba maneno waliyoyazoea si maneno yanayofaa.

Kitabu cha Mbotela

Miaka minne baada ya Kamati kuanza, mwaka 1934, Sheldon Press ya London ilichapisha Uhuru wa Watumwa cha James Juma Mbotela, mwana wa Frere Town. Kitabu hicho kinasimulia jinsi watu walivyotekwa makwao, safari yao hadi pwani, kuokolewa kwao na manowari, na maisha mapya ng'ambo ya Mvita. Wahakiki wamekijadili sana: je, ni riwaya ya kwanza ya Kiswahili, au ni historia iliyoandikwa kwa mbinu za hadithi? Wengine wamekilaumu kwa kumsifu Mwingereza kupita kiasi na kumwekea Mwarabu lawama zote.

Lawama hiyo ina haki yake, ila mwandishi wa makala haya anaona kwamba inasomwa nje ya mahali pake. Mbotela hakuandika kuhusu dola. Aliandika kuhusu jahazi alimokuwamo mzazi wake. Mtu ambaye baba yake alitolewa kifungoni na mabaharia wa Uingereza hawezi kutarajiwa kuwataja mabaharia hao kwa sauti ya Mkikuyu aliyenyang'anywa shamba. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba Mbotela aliandika nathari. Mapokeo ya Mvita yalikuwa ya ushairi, na ushairi ulirithiwa pamoja na ukoo, madrasa na herufi za Kiarabu. Wazawa wa mateka hawakurithi hayo. Walichokuwa nacho ni shule, herufi za Kirumi na masimulizi ya wazee waliokumbuka njia ya kutoka kwao. Kutokana na vitu hivyo vitatu kilitoka kitabu ambacho hakuna mwungwana wa wakati huo aliyekuwa na sababu ya kukiandika.

Mji kupoteza nafasi yake

Kuanguka kwa Frere Town kulianza na reli. Ujenzi wake ulianza mwaka 1896, ukafika ziwani, mahali palipokuja kuitwa Kisumu, mwaka 1901. Wamishenari walielekeza macho yao bara, kwenye watu wengi zaidi na hewa ya baridi. Meli kubwa nazo zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, na Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi. Vijana wa Frere Town waliojua kusoma walipata kazi za ukarani, ukalimani na ualimu, wakatawanyika hadi Nairobi na Uganda. Chuo cha makasisi kilichokuwa Frere Town kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na leo kimekuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Mwaka uliofuata daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa, na bara ikaunganishwa na kisiwa kwa barabara. Daraja la sasa ni la mwaka 1980. Mji uliokuwa ng'ambo ukawa mtaa, na tangu uchaguzi wa 2013 Frere Town ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Nyali.

Kanisa la Emmanuel, lililojengwa katika miaka ya 1880, lingali linatumika. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, kazi iliyopo hapo ni nyingi kuliko watu wa kuifanya. Majina ya koo za Frere Town, ambayo mengine ni ya Kiyao na Kinyasa na mengine ya Kiingereza, hayajakusanywa na kuchambuliwa kwa utaratibu unaostahili. Usemi wa wazee wa mtaa huo unahitaji kurekodiwa na kulinganishwa na Kimvita cha kisiwani na cha Jomvu, hasa katika zile t mbili za Taylor: je, mateka walizishika, au zilipotea katika kizazi cha kwanza? Na lipo neno mateka lenyewe, ambalo laonekana kuwa lilianza kama jina walilopewa na wengine, likawa jina waliloitana wao kwa wao. Wazee waliokua wakilisikia nyumbani wanapungua kila mwaka, na kutoka vyuo vikuu vyetu vya Mombasa hadi Kengeleni ni nauli ya matatu moja au mbili.